Mabua ya Barabara ya Chala

Nimestaafu, na ninyi wadogo zangu mliobaki pale ofisini Kizwite mmeniomba niandike machache kuhusu kazi kabla sijaanza kuchanganya majina ya wateja na ya mbuzi wangu. Sawa. Vyeo na mishahara naviruka. Cheo nilikuwa nacho kimoja, msaidizi wa kisheria, nikaingia nacho na kutoka nacho. Mishahara mnaijua wenyewe, maana ndiyo mnayoipokea. Nitasema habari za ajali za barabarani, kwa kuwa ndizo zilizokula miaka yangu mingi na ndizo mnazozikimbia mkipata nafasi.

Siku ya kwanza nilikwenda na viatu vya kisigino, kwa sababu nilidhani kwa wakili kunaendwa hivyo. Wakili Anselmi, mwenye ofisi, alinitazama miguuni kabla ya kunitazama usoni. "Dada Gaudensia," akasema, "buti za mvua unazo?" Nikajibu zipo nyumbani, za shambani. "Kesho njoo nazo. Faili la ajali halianzii mezani, linaanzia barabarani." Nilirudi kesho yake na buti zenye udongo wa shamba la ulezi, naye akaridhika kabisa.

Siku hiyohiyo ya kwanza walikuja ndugu wawili, mmoja mguu umevunjwa na gari, mwingine wa kumsemea. Huyu wa kumsemea alijua kusimulia jamani. Alieleza mwendo wa gari, alivyopiga honi dereva, vumbi lilivyotimka, mpaka nikahisi nipo pale. Nikaandika kurasa mbili nzima huku machozi yananilenga. Wakili akazisoma, akamuuliza swali moja tu: "Ulikuwepo?"

"Sikuwepo mheshimiwa. Nilikuwa Mpanda."

Wakili alinirudishia karatasi zangu bila kunicheka, na hilo namshukuru hadi leo. Tangu siku hiyo kila sentensi ya shahidi nikawa naiwekea alama pembeni, aliona au aliambiwa. Jaribuni mtaona. Watu wetu si waongo. Msiba ukishasimuliwa mara tatu kwenye matanga, kila aliyeketi pale anaanza kuamini ameuona kwa macho yake.

Vifaa vyangu vilikuwa vichache: futi kamba, chaki, buti, sweta zito, kalamu mbili kwa sababu moja hugoma ukiihitaji. Baadaye zikaja simu za kupiga picha, mkawa mnanitania eti bibi anapima barabara kwa kamba. Pimeni. Picha inakuonyesha gari lilikaa wapi, haikuambii upana wa barabara uliobaki. Na jambo jingine ambalo hamtalikuta kwenye semina: mtu wa Ufipa akikaa mezani hutoa maelezo ya Kiswahili, yamenyooka na yana adabu. Akishaaga, ameshika mlango, ndipo anakuambia kwa Kifipa lile lenyewe. Kwa hiyo msikusanye karatasi haraka. Wasindikizeni wateja mpaka nje.

Kwa majeruhi kazi ilikuwa kukimbizana na fomu ya polisi ya matibabu na vyeti vya daktari. Kwa waliofiwa ilikuwa ngumu zaidi. Familia imeshamzika mtu wao, misa imesomwa, watu wamenawa mikono, kisha unakuja wewe na sweta lako kuwaambia warudi wakae kikao cha ukoo, waandike muhtasari, wamchague msimamizi wa mirathi, waende Mahakama ya Mwanzo. Wengi walinijibu kwa upole kabisa kwamba hawauzi marehemu. Kule Ilemba, bondeni kwenye joto, mama mmoja alinikaribisha maji, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama mimi mwenyewe ningekula hela ya mwanangu. Nilikaa na swali hilo mpaka nikapata jibu, kwamba fidia haimnunui aliyekufa, inawashika waliobaki. Jibu hilo nimelisema mara nyingi, na halijawahi kuwa rahisi kulisema mbele ya mama mfiwa.

Sasa nije kwenye kesi ya Nestori, ambayo ndiyo mnayoiulizia kila tukikaa kunywa chai.

Nestori alikuwa fundi wa kuezeka nyumba, kijiji chake kiko nje kidogo ya Chala. Asubuhi moja ya masika, ukungu umeshuka hadi chini, alipanda pikipiki kwenda kazini, akagonga nyuma ya lori lililokuwa limeharibikia barabarani. Alifia palepale. Lori lilikuwa tupu, ekseli ilikatika tangu jioni, na dereva wake, Hamisi, aliliacha hapo akaenda Chala kutafuta fundi na kipuri. Aliporudi akakuta maiti.

Hamisi aliwaambia trafiki kwamba kabla ya kuondoka aliweka matawi barabarani, mbele na nyuma ya gari, kama madereva wote wanavyofanya nchi hii gari likiwafia njiani. Trafiki wakaandika hivyo. Kampuni ya bima ya lori ikasoma hivyo, ikajibu kwamba marehemu alionywa, hakutazama, ameyataka mwenyewe. Na kwa vile ulikuwa msimu wa sherehe, wapo walioongeza kwamba labda alikuwa na pombe ya ulezi kichwani.

Mjane wake, Leokadia, alikuja ofisini na baba mkwe, Mzee Osward, na ukoo karibu mzima. Mabenchi yalijaa, wengine wakasimama kwenye korido. Leokadia hakusema neno mpaka nilipomsindikiza nje. Pale mlangoni akaniambia kwamba ukoo umeshakaa. Kama fidia haipatikani, watoto wake watatu watagawanywa, mkubwa aende kwa baba mkubwa Namanyere, wa kati kwa shangazi yao, yeye abaki na wa mgongoni. "Wananipenda, dada, si kwa ubaya," akasema. "Wanaona sitaweza peke yangu. Lakini wale wawili wamezoea kulala kitanda kimoja, wanagombania blanketi. Nikiwatenganisha nitakuwa nimefiwa nao pia."

Nilirudi ndani. Huko wote walikuwa wanaapa kwa mpigo mmoja kwamba dereva ni mwongo, barabarani hapakuwa na tawi hata moja. Nikaanza swali langu la zamani, mmoja mmoja. Ulikuwepo? Huyu alifika baada ya kusikia yowe. Yule alifika baada ya huyu. Mzee Osward alifika wa nne. Wote waliikuta barabara tupu, hilo sikulitilia shaka.

"Na yowe alipiga nani, baba?"

"Yule Msukuma wa ng'ombe. Masanja. Ana boma lake kule ng'ambo ya kijito."

"Ameulizwa?"

"Aulizwe nini mwanangu? Si ameshapiga yowe."

Nilikwenda. Nakiri kwamba kwa wakati ule sikuwa nasukumwa na huruma peke yake. Nilikuwa nawashwa kujua. Ninyi mliopita njia ile mnajua ilivyo: nyasi na mashamba mpaka macho yachoke. Nilisimama mahali penyewe nikageuka pande zote, na mti sikuuona. Mikaratusi ya karibu ilikuwa juu kule mgongoni mwa kilima, na mtu aliyekatikiwa ekseli jioni hapandi kilima kufuata tawi. Kwa hiyo dereva alisema uongo? Au aliweka nini? Nikatembea pembeni mwa barabara, na kwenye ukingo wa shamba la mahindi nikakuta visiki vya mahindi, mstari mzima umekatwa kwa panga, mkato wa mshazari. Mnyama hali kwa mshazari. Na mwizi wa mahindi huchukua hindi, haondoki na mabua. Nilipima, nikapiga picha, nikavuka kijito.

Masanja alikuwa mtu mrefu mwenye sauti ndogo. Nilimwamkia, mke wake akanipa kigoda na bakuli la maziwa ya mgando, na kabla sijafungua mdomo Masanja akasema, "Mama, ng'ombe wangu hawajala mahindi ya mtu."

"Sijauliza ng'ombe."

"Najua hujauliza. Nakuambia tu."

"Nimekuja kwa ajili ya marehemu Nestori."

"Mungu amlaze. Lakini shambani kwa mtu hawajaingia, hata ukimuuliza mwenyekiti."

Nilikunywa maziwa taratibu. Mfugaji mgeni kwenye nchi ya wakulima huamka na shtaka la mahindi na kulala nalo, kwa hiyo sikushangaa. Lakini nilianza kuona kwamba mahindi yale na Nestori yapo kwenye habari moja. Nikamuuliza polepole kama alikuta kitu barabarani. Akamtazama mkewe. Mkewe akasema, "Mwambie. Tangu siku ile hulali."

Ndipo akasema. Alikuwa anawavusha ng'ombe kwenda malishoni, ukungu mzito, anamwona wa mbele kwa shida. Wakalifikia lori. Nyuma yake kulikuwa na mabua mabichi yamepangwa mafungu mafungu, na mbele yake vilevile. Ng'ombe wakayafakamia. Aliwachapa, akapiga miluzi, lakini mahindi mabichi yenye umande kwa ng'ombe huwezi kushindana nayo. Walipotoka hapo barabara ilikuwa safi kama imefagiliwa. "Wa mwisho alikuwa ndio kwanza anaingia majanini," akasema, "pikipiki ikanipita. Nikasikia kishindo."

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini, mama? Watasema ng'ombe wa Masanja wameua mtu. Na mwenye shamba atasema ng'ombe wa Masanja wamekula mahindi. Yote mawili nitalipa mimi, halafu tuhame tena."

Nilirudi mjini nikiwa na furaha ya ajabu. Dereva alisema kweli. Ukoo ulisema kweli. Walikuwa wanatukanana bure kwa wiki nzima, kila mmoja ana haki yake mkononi. Nilipomweleza Wakili Anselmi, alicheka mpaka akavua miwani, kisha akaanza kutembea humo chumbani kama kawaida yake akipata jambo.

"Sheria haijui matawi," akasema. "Inataka vile vibao vya pembetatu vyekundu, vinavyong'aa vikimulikwa. Mtu mwenye pembetatu hakati mahindi ya watu jioni. Alijua gari lake ni hatari, na hakuwa na kifaa. Gaudensia, huyu dereva tumtafute, na tukimpata tumwamini."

Kumwambia Mzee Osward ilikuwa kazi nyingine. Alikuwa mzee wa kigango, mtu wa kusali na wa msimamo, na alikuwa ameapa.

"Unataka tuseme yule aliyemuua mwanangu alisema kweli?"

"Alisema kweli kwa alichokiweka, baba."

"Basi mimi nimeapa uongo!"

"Hapana baba. Uliapa ulichokikuta. Ulikuta barabara tupu, na ilikuwa tupu."

Alisugua magoti. Kisha akapata pengine pa kuweka hasira yake. "Kwa hiyo ni Msukuma. Ng'ombe zake."

Niliogopa, nasema kweli. Niliona kesi inaondoka kwa mwenye lori inaelekea kwenye boma la mtu asiye na kitu, na pengine kwenye ugomvi ambao nisingeweza kuuzima. Aliyejibu alikuwa Leokadia, na kwa kawaida mbele ya mkwe wake hakuwa mtu wa kuinua sauti.

"Baba, samahani. Yule ndiye aliyepiga yowe. Angeweza kuondoka na ng'ombe zake tusijue mpaka leo. Sisi wengine tulikuwa jikoni tunaota moto."

Mzee Osward alinigeukia. Akaniambia, "Andika mwanangu. Andika ilivyokuwa."

Hamisi tulimpata kwa kupitia madereva wenzake. Aliingia ofisini amejikaza kama mtu anayesubiri kofi. Nikamuuliza, "Mahindi ulikata kwenye shamba la nani?"  Kisha machozi yakamtoka, mwanaume mzima na ndevu zake.

"Mama, nyie ndio wa kwanza kuniamini. Nilisema matawi kwa sababu nikisema mahindi wangenicheka, na mwenye shamba angenidai."

"Kwa nini mahindi?"

"Kwani huku miti iko wapi?"

"Ng'ombe waliyala."

Alinitazama kama nimemwambia lori limeruka. "Ng'ombe wanakula mahindi? Hata yakiwa barabarani?"

Hamisi alizaliwa na kukulia Dar es Salaam. Ng'ombe alikuwa anawaona kwenye malori na kwenye supu. Mtu wa huku kwetu angepanga mawe, au angebeba udongo kwenye kiroba, lakini kupanga mahindi mabichi njia ya mifugo ni sawa na kuwaandalia meza. Yeye aliona kitu kijani, kirefu, kinaonekana kwa mbali, akajitahidi. Na kwa kuwa tulimwamini kwa hilo, akatuambia na lile tulilolihitaji, kwamba pembetatu hazikuwemo garini, zilivunjika zamani, na alikuwa amemwambia tajiri wake zaidi ya mara moja. Akasaini. Kama tungemwita mwongo angetuambia matawi mpaka leo.

Masanja naye alikuja mjini amevaa koti la sikukuu. Kwenye maelezo yake niliandika tu kwamba mabua yaliliwa kabla ya pikipiki kufika, na kwamba marehemu alikuta barabara haina alama. Bima haikuhitaji zaidi ya hapo. Mtu wa bima alisoma yale maelezo mawili, akasoma tena, akauliza kama ni kweli ng'ombe, Wakili akamwambia ni kweli ng'ombe. Hatukufika kwenye hukumu. Walikubali, na habari za pombe hakuna aliyezitaja tena. Mwenye shamba aliombwa radhi na Hamisi mwenyewe, yakaisha. Kiasi cha fidia sikitaji, si kazi yenu kukijua, ila Leokadia alibaki na watoto wake wote watatu, na wale wawili wakaendelea kugombania blanketi.

Wengi wenu mnaijua kesi hii mpaka hapo. Huwa naimalizia hapo kwa sababu mnacheka. Kuna kipande kingine, nacho nawaandikia sasa kwa kuwa sitakuwepo kuwaona sura zenu mkikisoma.

Baada ya yote kwisha, Leokadia aliniomba nimpeleke kwa Masanja akamshukuru. Alibeba kuku na unga wa ulezi kwenye kitenge kipya. Tukapokewa vizuri, tukapewa vigoda, maziwa yakaletwa. Alishukuru kwa maneno mazuri, Masanja akawa anaitikia huku anatazama chini. Nilidhani tumemaliza. Kumbe hakuja kwa ajili ya shukrani peke yake.

"Kaka," akasema, "naomba nikuulize. Siku ile Nestori alitaka kutoka mapema. Alishavaa na koti. Mimi nilimzuia. Nikamwambia subiri uji uive, huwezi kutoka na baridi hii tumbo tupu. Akakaa, akanywa, ndipo akaondoka." Sauti yake haikutikisika hata kidogo, na hiyo ndiyo iliyonitisha. "Nataka kujua ng'ombe walipita muda gani."

Masanja akainua macho, akanitazama mimi. Sote wawili tulijua. Ng'ombe wa mwisho alikuwa ndio kwanza anaingia majanini. Kama Nestori angetoka kabla ya uji, angeyakuta mabua.

Nilifanya kazi maisha yangu yote kuwatoa watu kwenye kudhani na kuwaleta kwenye kuona. Nilikaa pale kwenye kigoda nikiomba Mungu Masanja asiwe mkweli.

"Walipita mapema sana, mama," akasema kwa ile sauti yake ndogo. "Hata kabla hakujapambazuka. Angetoka saa yoyote, angekuta hakuna kitu."

Leokadia akanigeukia. "Dada, na wewe alikuambia hivyo?"

"Ndivyo alivyoniambia," nikasema.

 Kisha akavuta bakuli la maziwa lililokuwa mbele yake tangu tulipofika, akanywa mpaka chini, akamuuliza mke wa Masanja kama wana chungu, tupike uji.